SOMO LA IJUMAA: MGONJWA ALIYE MBALI NA KWAO



Ndugu katika imani, sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Somo la leo lilipangwa liwe juu ya zaka ya mazao. Limesogezwa hadi Ijumaa ijayo, kwa sababu mama mmoja wa msikiti wetu anasafiri Jumanne kwenda Kampala kutibiwa saratani, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansere. Alipokuja kuaga hakuuliza juu ya pesa wala juu ya maumivu. Aliuliza neno moja tu: "Nitakaa namna gani kule wiki zote hizo?"

Usilidharau swali hilo, ndugu msomaji. Miaka michache iliyopita mama mwingine wa mtaa wetu, Allah amrehemu, alipelekwa kule na jamaa zake waliouza kiwanja ili atibiwe. Alipata mionzi wiki mbili, akarudi. Pesa zilikuwa bado zipo. Alisema mahali pamemshinda: lugha haijui, chakula hakipiti, usiku anasikia wagonjwa wakilia, na akifumbua macho anaona ukuta. Alitaka apumzike nyumbani mwezi mmoja kisha arudi kumalizia. Hakuwahi kurudi.

Elewa kwanza jambo la tiba yenyewe, kwa sababu wengi hatulijui. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawapata sana mama zetu, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi siku tano kila wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki tano hivi, pamoja na dawa ya mshipani mara moja kwa wiki. Baadaye hufuata mionzi ya ndani. Madaktari wanataka yote yaishe ndani ya wiki 8. Ukikatiza katikati, chembe za ugonjwa zilizobaki hupata nafasi ya kuongezeka, na zinaongezeka haraka, hata mionzi ya baadaye inakuta kazi imekuwa kubwa kuliko mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa anayevumilia mahali alipo hadi siku ya mwisho, uvumilivu wake ni sehemu ya dawa.

Tena kuna wanaosema hapa kwamba Kampala hakuna mashine. Mashine ya zamani ya mionzi ilikufa mwaka 2016, na mpya ikaanza kazi mwaka 2018. Habari ya kukosekana kwake ilifika kwetu upesi, lakini habari ya kurudi kwake inatembea kwa miguu.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Ugonjwa ugenini si jambo jipya katika Uislamu. Waislamu walipohama Makka kwenda Madina, hewa ya Madina haikuwapokea vizuri. Mji ulikuwa na homa nyingi. Abu Bakr (r.a.) akaanguka, na Bilal (r.a.) akaanguka. Bibi Aisha (r.a.) ndiye aliyetusimulia: homa ilipompungua Bilal, alikuwa akiinua sauti yake na kuimba mashairi ya kutamani kwao. Alitaja majani yanayoota katika bonde la Makka, akataja maji ya mahali fulani, akataja milima miwili. Fikiri, ndugu yangu. Huyu ni Bilal aliyeteswa juu ya mchanga wa Makka huohuo, na jiwe likawekwa kifuani pake. Bado akiwa mgonjwa alitamani majani ya kwao.

Bibi Aisha akampelekea habari Mtume (s.a.w.). Naye hakumkemea Bilal, wala hakusema kwamba imani yake ni pungufu. Alimwomba Allah awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na aifanye iwe na afya, na abariki vipimo vyake vya chakula. Tazama mpango wa dua hiyo. Penzi la mahali limetajwa, afya ya mahali imetajwa, na chakula cha mahali kimetajwa. Kwa hiyo mama anayeuliza atakaa namna gani, ameuliza jambo ambalo Mtume wetu (s.a.w.) aliliombea.

Niruhusu nieleze niliyoyaona mwenyewe, maana niliwahi kumlinda dada yangu mkubwa kule, yaya kama tunavyomwita nyumbani. Barabara ya Kasindi mnaijua wenyewe, sitapoteza wino juu yake. Tulifika Mulago jioni. Kilima kile kina historia: hapo ndipo daktari Denis Burkitt alipoandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto, na taasisi ya saratani ikaanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao. Yaya hakuwa na haja na historia. Asubuhi ya kwanza alitazama nje akaona wale ndege wakubwa wenye upara, mfuko unaning'inia shingoni, wamejipanga juu ya mti kama wazee wa baraza. Kampala imejaa ndege hao, ni korongo wanaokula takataka. Yaya alirudi kitandani akajifunika kitenge. "Mdogo wangu," akaniambia, "wale wanatungoja sisi. Nirudishe nyumbani nikafie kwetu."

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka yule mama aliyerudi baada ya wiki mbili. Nikakaa. Nikamweleza kwamba Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakitazama ndege kabla ya safari. Akiruka kuume wanakwenda, akiruka kushoto wanarudi nyumbani. Mtume (s.a.w.) aliikataza imani hiyo ya nuksi za ndege kabisa. Ndege ni kiumbe anayetafuta riziki yake, na wale wa Mulago wanaipata kwenye majalala ya mji, hawana habari na mgonjwa yeyote. Yaya hakujibu. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kwenye benchi nje, anawatazama. Siku ya nne alikuwa amempa mmoja cheo: anamwita Bwana Katibu, kwa sababu, anasema, anatembea mikono nyuma kama mtu wa ofisi aliyekosa mshahara. Kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya mionzi alitaka kwanza kujua Bwana Katibu amefika kazini. Mimi nasema, na anayenipinga anipinge, kwamba ndege yule alimsaidia kumaliza wiki tano kuliko maneno yangu mengi.

Wewe mama unayesafiri, na wewe unayemlinda mgonjwa, tafuta kitu chako mapema. Kinaweza kuwa mti, au dirisha, au sauti ya adhana. Sisi tulipanga chumba chini ya kilima, upande wa Wandegeya, na adhana ya alfajiri ilitufikia. Kibla usikitafute kwa kubahatisha: kule kama hapa kwetu ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Tulitandika msala siku ya kwanza kabla hata ya kufungua mizigo, na kile chumba kikaacha kuwa cha watu wengine. Sikiliza pia lugha. Ukifika kule unadhani wote wanasema Kiganda tu, lakini katika foleni utawasikia watu wa Kasese wakisema Lukonzo, na sisi tunaojua Kinande tunaelewana nao. Yaya aliposikia bibi mmoja wa Kasese akimlalamikia mjukuu wake, alishika mkono wangu: "Huyu anasema kama mama." Wakawa marafiki. Kiganda nacho jifunze maneno mawili matatu, hata "webale" ya kushukuru, kwa sababu muuguzi unayemshukuru kwa lugha yake anakumbuka jina lako.

Chakula ni mtihani. Matoke na mchuzi wa karanga ni chakula kizuri, lakini mdomo wa mgonjwa wa dawa za saratani si mdomo wa mtu mzima. Unapata vidonda, ladha inabadilika, na harufu inakuwa adui. Tulibeba udi kutoka nyumbani tukidhani utamliwaza. Siku mbili baada ya dawa ya mshipani alitapika kwa ajili ya udi huo, tukautoa nje. Kwa hiyo usiudhike mgonjwa akikataa kitu alichokipenda. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko kinachofuka moshi, nacho mara nyingi kinapita. Alichokitaka hadi mwisho ni bugali wa muhogo, kidogo sana, na unga ulitoka kwetu.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo linanisikitisha zaidi, na nawaomba akina baba msione haya kulisoma. Saratani ya mlango wa kizazi inatoa damu. Mama zetu wengi wakiona damu wanaacha swala, mwezi, miezi miwili, hadi wanazikwa. Wanadhani ni hedhi. Ndugu zangu, damu ya ugonjwa si hedhi. Ni istihadha, na hukumu yake iko wazi tangu Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya damu yake isiyokatika, naye akamweleza kwamba huo ni mshipa, si hedhi. Mwanamke ambaye bado anapata siku zake na anazijua, aache swala siku hizo tu, kisha aoge. Aliyekoma hedhi, damu hiyo haimzuii hata siku moja. Ajisafishe, afunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati wa kila swala kuingia, na aswali hata damu ikitoka. Fikiri kumwondolea mgonjwa swala yake akiwa peke yake ugenini! Umemwondolea nyumba aliyobeba pamoja naye.

Wengine huuliza juu ya alama za wino ambazo wataalamu wa mionzi huchora mwilini. Alama hizo zisifutwe, ndizo zinazoonyesha mahali pa kulenga. Wino hauzuii maji kufika kwenye ngozi, kwa hiyo mimina maji bila kusugua, imetosha. Daktari akikataza maji kabisa mahali hapo, kuna tayamamu. Kusimama kukishindikana, aswali amekaa. Kukaa kukishindikana, aswali kwa ubavu. Ama kufupisha swala, kwa madhehebu yetu ya Shafi aliyenuia kukaa siku nne kamili au zaidi ameshakuwa mkazi, ataswali kamili. Saumu ya Ramadhani ina ruhusa kwa mgonjwa na kwa msafiri katika Sura ya pili, na asijifanye shujaa. Tena yapo mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi. Mama yetu ameyapata yote mawili, ugonjwa na safari.

Katika msongamano asiingie ovyo. Wiki ya kwanza na ya pili baada ya dawa za mshipani nguvu ya damu ya kupambana na vijidudu huweza kushuka. Mwanamume mgonjwa aliye katika hali hiyo ana udhuru wa kuacha Ijumaa, aswali adhuhuri chumbani. Na homa ikifika 38, asingoje asubuhi wala asimeze dawa ya butiki: aende hospitali saa hiyohiyo.

Bado upande wetu sisi tunaobaki. Nilipokuwa kule nilihesabu simu za siku moja: kumi na moja. Tatu zilikuwa za kulia. Moja ilikuwa ya shemeji anayetaka kujua ni nani atakayelima shamba la yaya. Nyingine ilitoka kwa mtu wa swafu ya kwanza, simtaji, aliyemweleza yaya habari za jirani aliyekufa kwa ugonjwa uleule. Sindano hazikumliza yaya, simu hiyo ilimliza. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na simu ni ziara, basi iwe na adabu ya ziara: fupi, ya salamu, ya dua. Mwambie mvua imenyesha. Mwambie mbuzi amezaa. Yaya alipenda sana mjukuu wake amsomee Fatiha kwa simu, hata akikosea.

Yaya alimaliza. Siku ya kuondoka alinituma nimtazame Bwana Katibu, na hakuwepo. "Amepewa likizo," akasema, akapanda gari.

Mama yetu anaondoka Jumanne asubuhi pamoja na binti yake. Kikapu kipo mlangoni, upande wa viatu vya wanawake. Sabuni ya mche isiyo na harufu inahitajika, pamoja na kitenge kimoja cha kutandika, vitambaa safi vya pamba, na karatasi ya vipindi vya swala vya Kampala ambayo Katibu wa msikiti (huyu wetu, si yule wa mtini) ataiandika. Unga wa muhogo usizidi kilo mbili, kwa sababu mzigo wote utabebwa na binti. Anayetaka kumpigia simu, Imamu amepanga zamu: watu wawili kwa siku, baada ya alasiri, anapokuwa ametoka kwenye mionzi na kupumzika. Majina yanaandikwa leo baada ya swala.