Chimba Polepole, Maji Yapo

Maandiko: Mithali 20:5, Ayubu 2:11–13 na 42:7, Marko 10:46–52



Mwaka huu nimerudi darasani. Digrii yangu ni ya biashara, lakini sasa nasoma ushauri nasaha katika chuo kimoja hapa Lodwar. Wengine wenu mmeniuliza, "Pasta, kwani Roho Mtakatifu hatoshi?" Swali ni zuri. Nitalijibu nikianza na kosa langu.

Siku ya kwanza ya mazoezi tuligawanywa watatu watatu: mmoja anasimulia shida, mmoja anasikiliza, wa tatu anaandika anachokiona. Mwenzangu alianza kueleza jinsi alivyofiwa na mama yake. Mwishoni nikasomewa karatasi: kwa dakika tano nilikuwa nimetoa mistari miwili na ushauri mara tatu, kisha nikasema, "Tuombe." Swali, hata moja sikuuliza. Mwenzangu akaniambia kwa upole, "Pasta, umeomba vizuri. Lakini nilikuwa bado sijafika pale panaponiuma."

Neno hilo lilinichoma. Nikawakumbuka watu walioingia ofisini kwangu na mzigo, wakatoka na maombi, na hawakurudi tena. Kwenye biashara nilizoea kumhudumia mteja haraka kwa sababu foleni inangoja. Kumbe nilikuwa nayatumia maombi kufunga mazungumzo.

1. Maji yako chini. Mithali 20:5 inayafananisha yaliyo moyoni na maji ya kilindi, yanayohitaji mwenye ufahamu kuyateka. Sisi wa Turkana tunalielewa hilo. Mto ukikauka, akina mama huchimba mchangani. Maji ya kwanza ni matope. Unateka, unangoja, unateka tena. Ukiharakisha, mchanga unaporomoka na kufukia shimo. Shida ambayo mtu anaitaja kwanza mara nyingi ni yale matope. Usiishie hapo.

2. Kunyamaza pia ni huduma. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno, ndipo Ayubu akafungua kinywa. Walikosea walipoanza kumfafanulia Mungu, na Mungu mwenyewe akawakemea (42:7).

Hivi karibuni nilikuwa Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa. Kambi ile ilianza mwaka 1992, na wako waliozaliwa humo na sasa wanalea watoto wao humo humo. Mzee mmoja kutoka Kongo aliongea muda mrefu kuhusu chakula cha mgao. Mstari wa kumjibu ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. Tukakaa kimya, chai ikapoa. Ndipo akataja jina la mtoto wake aliyebaki njiani walipokuwa wakikimbia. Tuliomba, ndiyo, lakini safari hii nilijua tunaombea nini. Ameniruhusu kuwaambia haya bila jina lake.

3. Uliza, hata ukidhani unajua. Kila mtu aliona kwamba Bartimayo ni kipofu. Bado Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Kama Bwana, aliyejaa Roho, aliuliza, mimi ni nani nisiulize? Darasani tunamsoma Carl Rogers, Mmarekani aliyesoma theolojia kabla ya kuhamia saikolojia. Alifundisha kwamba msikilizaji awe mkweli, ampokee mtu bila masharti, na ajaribu kuhisi anachohisi mwenzake. Hayo hayachukui nafasi ya Roho Mtakatifu. Yananisaidia nisimzibie njia.

4. Jua mpaka wako. Siri ya mtu si mfano wa mahubiri, wala si ombi la kutangaziwa kikundi. Na mtu akikwambia anataka kujiua, usiombe halafu ukamwacha peke yake. Kaa naye, mpeleke hospitalini, na uendelee kuomba mkiwa njiani.

Zoezi la wiki: Katika vikundi vya nyumbani, kaeni wawili wawili. Mmoja aongee dakika tano. Mwingine asishauri wala asinukuu mstari. Kisha aseme, "Nimekusikia hivi, nimekuelewa?" Baada ya hapo, mwombee.

Jiulize: Ni nani alikuja kwangu akaondoka kabla hajafika panapomuuma? Naweza kumtembelea lini?

Tuombe: Bwana, wewe hutusikiliza bila kutuharakisha. Tusamehe pale tulipowajibu watu wako kabla ya kuwasikia. Tupe masikio, na subira ya kuchimba. Katika jina la Yesu, Amina.