MZOA TAKA AJIKINGE NA MARADHI

Vijana wetu wengi wakienda mjini hupata kazi ya kuzoa taka. Hata kwenye magulio yetu wapo wanaofagia na kusukuma mkokoteni wa taka. Kazi hii ni ya heshima, maana taka zikirundikana maradhi huja. Lakini kazi hii ina hatari zake. Leo tujifunze hatari hizo na namna ya kujikinga.

Maradhi hupita njia gani?

Njia ya kwanza ni jeraha. Ndani ya taka mna vipande vya chupa, misumari, nyembe na sindano zilizotumika. Jeraha lililoingia uchafu linaweza kuleta pepopunda. Sindano iliyotumika inaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI.

Njia ya pili ni mkojo wa panya. Panya wanapenda majalala. Mkojo wao ukiingia katika maji machafu, vijidudu hupenya kwenye ngozi yenye michubuko, au machoni na mdomoni. Ugonjwa huo tunauita homa ya mgunda. Haumpati mzoa taka peke yake. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa umezuka mkoani Lindi, na watu 3 walikuwa wamekufa.

Njia ya tatu ni mdomo. Mtu akishika andazi kwa mikono michafu, anakula pia mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara.

Njia ya nne ni pua, kwa vumbi na moshi wa taka.

Afanye nini?

1. Avae gambuti na glavu nene. Kandambili si viatu vya kazi hii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Basi anayedai gambuti haombi zawadi.
2. Atumie chepe na reki. Asichambue taka kwa mikono, wala asizishindilie kwa miguu.
3. Anawe kwa sabuni kabla ya kula. Akirudi nyumbani, aoge kwanza ndipo ambebe mtoto.
4. Aulize zahanati au hospitali habari za chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini.

Je, akichomwa na sindano?

Asilikamue jeraha wala asilinyonye. Alioshe kwa maji na sabuni, kisha aende hospitali siku ileile. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI visimwingie, lakini lazima ianzwe kabla ya masaa 72 kupita. Akianza mapema ndiyo bora. Akingoja mpaka wiki ipite, amechelewa.

Na sisi tunaotupa taka je? Wembe na chupa iliyovunjika tusivichanganye na maganda. Tuviweke katika kopo lenye kifuniko. Aliyetupa amekwisha kusahau. Anayezoa ndiye anayeumia.

Maswali

1. Taja njia 4 ambazo maradhi humpata mzoa taka.
2. Mtu amechomwa na sindano Jumatatu saa 2 asubuhi. Masaa 72 yatakwisha siku gani?
3. Nyumbani kwako nyembe zilizotumika huwekwa wapi?