Mahali Panne, Jina Moja

Ulimwenguni kuna miji mingi yenye jina moja. Mtu akisema, «Ninakwenda San Salvador,» lazima kumwuliza, «Ya nchi gani?» Jina hili ni la Kihispania, Wareno husema São Salvador. Maana yake ni Mwokozi Mtakatifu. Tazameni ramani, mtaona mahali panne palipopewa jina hilo.

Mahali pa kwanza ni kisiwa. Mwaka 1492 Christophe Colomb alivuka bahari na merikebu tatu. Siku ya 12 Oktoba akafika kwenye kisiwa kimoja cha Bahama. Wenyeji walikiita Guanahani.  Yeye akakiita San Salvador.

Mahali pa pili ni mji mkuu wa nchi ya El Salvador, katika Amerika ya Kati. Wahispania waliuanzisha mwaka 1525. Karibu nao kuna mlima wa moto, na mara nyingi matetemeko ya nchi yamebomoa nyumba zake. Huko Askofu Mkuu Oscar Romero aliwatetea maskini. Tarehe 24 Machi 1980 aliuawa kwa risasi akisoma Misa. Mwaka 2018 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu.

Mahali pa tatu ni katika Afrika. Mji mkuu wa mfalme wa Kongo uliitwa Mbanza Kongo. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Baadaye kanisa la mawe lilijengwa pale, likapewa jina la Mwokozi, na Wareno wakauita mji wote São Salvador. Magofu ya kanisa hilo yangali yanaonekana. Wenyeji huyaita Kulumbimbi. Leo mji huo umo katika Angola, karibu na mpaka wa Kongo. Angola ilipopata uhuru mwaka 1975, mji ulirudishiwa jina lake la kale, Mbanza Kongo.

Mahali pa nne ni Salvador, katika Brazili, ng'ambo ya bahari. Wareno waliujenga mji huo mwaka 1549, ukawa mji mkuu wa Brazili mpaka mwaka 1763. Ulikuwa pia bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Watu wengi waliokamatwa katika Kongo na Angola walipakiwa merikebuni, wakavushwa bahari, wakauzwa huko. Walilimishwa miwa katika mashamba makubwa.

Mfalme wa Kongo, Afonso wa Kwanza, mwana wa Nzinga a Nkuwu, alikuwa ameona mapema ubaya wa biashara hiyo. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno. Alilalamika kwamba wachuuzi wanakamata watu wake kila siku, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Lakini biashara haikukoma. Brazili iliacha utumwa mwaka 1888 tu.

Basi miji hii miwili, mmoja upande huu wa bahari na mmoja upande ule, ilichukua jina la Mwokozi. Lakini nchi ya mmoja ilinyang'anywa watoto wake, na mwingine ulitajirika kwa jasho la watumwa. Leo wakaaji wengi wa Salvador ni wa ukoo wa Afrika.

Jina zuri halitoshi kuufanya mji kuwa mzuri. Ukisikia jina la mahali, uliza: Ni nchi gani? Nani alipaita hivyo? Kabla yake paliitwaje? Na watu wake walitendewa nini?

Maulizo

1. Jina San Salvador lina maana gani?
2. Wenyeji walikiitaje kisiwa alichofikia Colomb?
3. Askofu Mkuu Romero aliwatetea watu gani?
4. Mfalme Afonso alilalamika juu ya nini?
5. Onyesha katika ramani njia ya merikebu kutoka Angola mpaka Salvador.
6. Kijiji chako kina jina gani? Waulize wazee nani alikiita hivyo, na kwa sababu gani.