Theluji ya Ruwenzori

Mlima Ruwenzori wasimama mpakani mwa Kongo na Uganda. Mwaka 1906 barafu yake ilienea kilometa za mraba zaidi ya 6. Mwaka 2003 wataalamu waliipima, wakakuta yapata 1 tu.

Swali: Je, hiyo ni laana ya Mungu juu ya wenyeji wa mlima?

Jibu: Siyo. Dunia imezidi joto, hasa kwa moshi wa makaa ya mawe na mafuta, yachomwayo sana katika nchi tajiri.

Swali: Mkristu wa mlimani afanye nini?

Jibu: Apande miti mitelemkoni, mvua isichukue udongo. Awaonyeshe wataalamu mahali theluji ilipofika zamani, naye asikilize mashauri yao. Mwaka 2015 Papa Fransisko alifundisha kwamba dunia ni nyumba ya wote. Basi kumtetea maskini aumiaye bila kosa ni haki.