TULIKOTOKA NA SIASA YETU YA LEO

Somo la Historia na Siasa

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Kibondo anamchagua mbunge wa Jimbo la Muhambwe. Jirani yake wa Kakonko naye kwa miaka mingi alimchagua mbunge wa Jimbo la Buyungu. Huko Kasulu iko kata inaitwa Heru Juu. Je, umewahi kujiuliza majina haya yametoka wapi? Muhambwe, Buyungu na Heru ni majina ya nchi za Mwami za zamani. Mwami hatawali tena, lakini jina la nchi yake bado liko kwenye siasa.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Siasa ya taifa nayo hufuata mkondo uliochimbwa zamani. Chukua mfano wa Marekani. Watu wa makoloni 13 walimwasi mfalme wa Uingereza mwaka 1776. Kwa kuwa waliogopa kupata mfalme mwingine, Katiba waliyoiandika mwaka 1787 iligawa madaraka kati ya Rais, Bunge na Mahakama. Lakini waliuacha utumwa uendelee. Kosa hilo liliwaletea vita wao kwa wao, mwaka 1861 hadi 1865. Mwanzo wao uliwaachia jema na baya.

Na sisi je? Hebu tutazame mkondo wetu, tukianzia hapa hapa Buha.

1. BUHA KABLA YA WAKOLONI

Zamani Buha haikuwa nchi moja. Zilikuwepo nchi kadhaa, na kila nchi ilikuwa na Mwami wake. Chini ya Mwami walikuwepo watware, ambao walisimamia maeneo. Mwami na wakubwa wengi walitoka katika koo za Kitusi, watu wa ng'ombe. Wakulima walio wengi walikuwa Waha.

Mkulima aliyetaka ng'ombe alimwendea mwenye ng'ombe. Akipewa, alikuwa mtu wake. Alimlimia, alimjengea, alimpelekea pombe. Desturi hiyo iliitwa ubugabire. Ilimpa mkulima maziwa, mbolea na ulinzi. Lakini pia ilimfunga mdomo. Mtu aliyekupa ng'ombe, utambishiaje?

Walikuwepo pia wateko. Hawa walikuwa wazee wa koo za asili, na kazi yao ilikuwa mambo ya ardhi. Mgeni akitaka mahali pa kulima, mteko ndiye aliyehusika. Kwa hiyo hata zamani hizo, si kila jambo liliamuliwa na mtu mmoja.

2. WAKOLONI WATATU

Wajerumani walianza kuidai nchi yetu mwaka 1885. Baada yao, Buha ilipata wakoloni wawili zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwezi Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Kigoma. Wabelgiji walitawala huku kwetu mpaka mwaka 1921.

Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea, nasi hatukuulizwa. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana kugawana nchi. Wabelgiji walichukua Ruanda na Urundi. Waingereza walichukua Tanganyika, na Kigoma ikiwemo. Mkulima wa Heru akawa upande huu. Jirani yake wa Urundi, ambaye wanasikilizana kwa lugha na wanafanana kwa desturi, akawa upande wa pili. Kila mmoja akaingia katika mkondo wake.

Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, Waingereza walitoa sheria ya kutawala kwa kuwatumia watawala wa kienyeji. Mwami alilipwa mshahara. Alisimamia kodi, aliamua kesi, na alitangaza amri za Bwana Shauri. Zamani Mwami aliwategemea watu wake ili abaki kitini. Sasa alimtegemea Mzungu. Mtu mwenye malalamiko angeyapeleka wapi?

Kodi ilidai fedha, na huku kwetu fedha ilikuwa shida. Basi vijana wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba. Katika miaka ya 1930 tena, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, serikali iliwahamisha watu kutoka porini na kuwakusanya mahali pamoja. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Lakini ona mwendo wa mambo: amri inatoka juu, mwananchi anahama.

3. TANU NA UHURU

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Ilisaidiwa na mambo matatu yaliyotoka katika historia.

Kwanza, lugha ya Kiswahili. Misafara ya biashara iliileta mpaka Ujiji, na Wajerumani waliitumia katika kazi za serikali. Manamba kutoka Buha waliweza kuzungumza na wenzao kutoka Songea bila mkalimani.

Pili, makabila yetu ni zaidi ya 120, na hakuna hata moja lenye wingi wa kuyatawala mengine.

Tatu, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana Mwalimu Julius Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 kudai haki yetu mbele ya mataifa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa nchi nzima. Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Hata hivyo, kazi ya kutawala ilitolewa katika nasaba, ikapewa watumishi wa serikali na viongozi wa kuchaguliwa. Huku kwetu tulikuwa tumemzoea hata Mwami mwanamke, maana katika miaka ya 1950 Heru ilikuwa chini ya Mwami Theresa Ntare.

Ng'ambo ya mpaka mkondo ulikwenda vingine. Huko Ruanda, katika miaka ya 1930, Wabelgiji waliwaandikisha watu katika vitambulisho kuwa huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Ugomvi wa madaraka ukavaa nguo ya kabila. Watu wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kusimuliwa matokeo yake. Mwaka 1972, na tena kuanzia mwaka 1993, ndugu zetu wa Burundi walikimbilia Tanzania wakiwa na watoto mgongoni. Tuliwaona kwa macho yetu Mtabila na Nduta.

Je, sisi ni wema kuliko wao? Hapana. Nasi tulikuwa na Mwami, na ng'ombe, na wakubwa na wadogo. Tofauti kubwa ni kwamba kwetu haki ya kutawala haikufungwa kwenye kabila la mtu. Hii ni akiba tuliyoachiwa, na akiba isiyotunzwa huisha.

4. CHAMA KIMOJA NA VIJIJI

Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka huo katika majimbo mengi walishindana wagombea wawili wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua. Wananchi waliitumia kura yao. Hata Waziri wa Fedha wa wakati ule, Paul Bomani, alishindwa.

Lakini umoja nao ulikuwa na gharama yake. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma. Watu walitakiwa kuacha nyumba zao zilizotawanyika, wakae katika vijiji vya ujamaa. Shabaha ilikuwa shule, maji na zahanati karibu na watu. Vijiji vingi tunavyokaa leo vilianza hapo. Lakini wako wazee walioacha migomba yenye mikungu, na wako waliohamishwa kwa nguvu. Mwaka huo huo halmashauri za wilaya nazo zilifutwa, zikarudi mwaka 1984. Mkondo wa amri kutoka juu ulikuwa ule ule wa zamani, ingawa waliotoa amri sasa walikuwa ndugu zetu.

Mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama hivyo ukafanyika mwaka 1995.

5. SASA TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, tazama mkutano wa kijiji chako. Mwenyekiti anasoma taarifa ya mapato na matumizi. Anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Watu wanatazamana. Baadaye njiani, au kwenye pombe, ndipo maswali yanamwagika. Kimya hicho kimetoka wapi? Kimetoka kwa mutware, kwa Bwana Shauri, kwa nyapara wa mkonge, na kwa operesheni. Tulifundishwa kwamba mkubwa haulizwi.

Heshima ni jambo zuri, wala tusiitupe. Lakini sheria ya leo ni nyingine. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, mwanamke na mwanamume. Mkutano huo unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano huo kukubali kwanza. Zamani mgeni alimwendea mteko. Leo mteko ni wewe na wenzako wote mliokaa chini ya mwembe. Mkikaa kimya, ardhi itakwenda, na wajukuu zenu watauliza mlikuwa wapi.

Sasa unajua kusoma. Omba kuisoma taarifa kwa macho yako. Omba kuona muhtasari wa mkutano uliopita. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Mkondo wa maji hauhamishwi siku moja, ila watu wenye majembe wakishirikiana, wanaweza kuufungulia njia mpya.

MANENO YA KUKUMBUKA

Katiba: sheria kuu ya nchi, inayotawala sheria nyingine zote.
Udhamini: hali ya nchi kuwekwa chini ya uangalizi wa nyingine mpaka ijitawale.
Nasaba: ukoo au uzao ambao mtu anatoka.
Muhtasari: maandishi mafupi ya mambo yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ubugabire ulimsaidiaje mkulima, na ulimfungaje? Je, leo kuna zawadi zinazomfunga mtu mdomo hivyo hivyo, hasa wakati wa kampeni?
2. Waulizeni wazee: mwaka 1972 kijiji chenu kilikuwa wapi, na nani aliamua kihamie hapa?
3. Ni mambo gani yalifanya mkondo wetu utofautiane na ule wa majirani zetu wa Ruanda na Burundi?
4. Mkutano Mkuu wa Kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho? Wanawake wangapi walisema?