Dondoo Muhimu: Historia ya Kupapaswa

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, palipolimwa mashamba ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951, na ambapo baadaye wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walipata mafunzo, ina historia inayoweza kumfikia hata asiyeona, iwapo waandaaji wa maonesho, huko na katika wilaya jirani ya Ruangwa, watatenga vitu imara, kama majembe, vinu na vinyago vya mpingo, ili vipapaswe. Vyungu dhaifu vifinyangiwe nakala. Lebo ziwe na nukta nundu, yaani maandishi ya vitone yanayosomwa kwa vidole. Lakini kwa kuwa si kila asiyeona amejifunza kuyasoma, maelezo ya sauti, hata ya mwongozaji tu, yatangulie. Mwenye uoni hafifu huhitaji herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Wasioona waalikwe kuyajaribu maonesho kabla ya ufunguzi.