Fedha za Kijiji Zinaamuliwa Wapi?

Tuanze na kisima. Pampu ya kisima cha kijiji imeharibika. Akina mama wanaamka alfajiri kwenda kuteka maji mbali. Kila mtu kijijini anajua kilichoharibika. Tena kila mtu anamjua fundi anayeweza kukitengeneza. Lakini fedha ya kununua kipuri haipo kijijini. Iko wilayani, au mkoani, au Hazina.

Basi anayejua tatizo hana fedha, na mwenye fedha hajui tatizo. Je, nani aamue fedha itumike wapi? Hilo ndilo somo letu la leo.

Sisi watu wa Kilwa na Lindi tunalijua jambo hili kuliko wengi. Wazee darasani watakumbuka. Kabla ya mwaka 2003 hapakuwa na daraja la kuvuka Mto Rufiji katika njia yetu ya Dar es Salaam. Magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu. Masika yakianza, barabara ilikuwa matope matupu. Abiria walilala njiani, na barua zililala nao. Ikiwa ruhusa ya kujenga zahanati Njinjo ilitoka Dar es Salaam, basi ruhusa hiyo nayo ilisubiri mvua ziishe.

Mwezi wa Mei mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alieleza mpango mpya. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani. Ulianza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Mkoa wetu wa Lindi ulikuwa bado mchanga. Ulikuwa umetengwa na Mtwara mwaka 1971 tu. Maafisa wengi wa wizara walihamishwa kutoka Dar es Salaam wakaja mikoani. Kila mkoa na kila wilaya ikawekewa Mkurugenzi wa Maendeleo. Mkoa ukapewa fungu lake la fedha, ukatakiwa kupanga kazi zake wenyewe.

Wazo lilikuwa jema. Mtu anayekaa Lindi anaona matope ya Lindi.

Lakini angalia jambo moja. Kabla ya hapo kila wilaya ilikuwa na halmashauri yake. Halmashauri hiyo ilikuwa na madiwani waliochaguliwa na wananchi. Ni kweli kwamba halmashauri nyingi zilikuwa hoi. Zilikuwa zimenyang'anywa kodi zake kubwa, na nyingine zilishindwa hata kulipa mishahara. Mwaka 1972 halmashauri hizo za wilaya zilifutwa. Yalikuwapo mabaraza ya maendeleo, na wananchi waliwakilishwa humo. Hata hivyo, neno la mwisho lilikuwa la maafisa. Nao maafisa waliajiriwa na Serikali Kuu, wakapandishwa vyeo na Serikali Kuu. Diwani asiyefanya kazi unaweza kumnyima kura. Afisa wa mkoa utamnyima nini?

Kwa hiyo ofisi ilisogea karibu na mwananchi, lakini uamuzi haukumfikia. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa, na kwamba kama angeanza upya asingelifanya. Si viongozi wengi wanaosema hivyo.

Sheria mpya za serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982. Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka 1984. Katiba yetu nayo inazitaja, katika Ibara ya 145 na ya 146. Inasema kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 Serikali ilitoa sera ya kuzipa nguvu zaidi. Ndipo neno *ugatuaji* lilipoanza kusikika sana. Neno hili lisikutishe. Kugatua madaraka ni kuyatoa juu na kuyapeleka chini.

Sasa, chini ni wapi? Wengi hudhani chini ni wilayani, kule Kilwa Masoko. Hapana. Kwa sheria ya mwaka 1982, kijiji ni serikali. Kina halmashauri yake yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Na juu ya halmashauri ya kijiji upo mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Hauhitaji kadi wala mwaliko. Wewe unayesoma ukurasa huu ni mjumbe.

Je, kijiji kinaweza kweli kuwa na fedha zake na kuziamulia? Tutazame msitu wa Kilwa.

Daraja la Rufiji, ambalo sasa linaitwa Daraja la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003. Lilituletea mabasi na bidhaa. Lilileta pia wafanyabiashara wa magogo. Malori yalipita usiku na mchana yakiwa na mninga, mkongo na miti mingine ya thamani. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa juu ya biashara hiyo katika kusini ya nchi yetu. Taarifa ilisema kwamba katika mapato ya misitu yaliyopaswa kukusanywa na Serikali, hadi asilimia 96 yalikuwa yakipotea. Hesabu yake ni hii: katika kila shilingi 100, zilizokusanywa zilikuwa 4 tu. Vijiji vyenye msitu viliambulia kidogo sana. Mfanyabiashara alikuja na leseni yake mkononi, akakata, akaondoka. Mwanakijiji alibaki na visiki.

Lakini sheria ya kubadili hali hiyo ilikuwapo tayari. Ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Inasema kijiji kinaweza kutenga msitu katika ardhi yake na kuufanya msitu wa hifadhi wa kijiji. Kijiji kikifanya hivyo, miti ya msitu huo inauzwa na kijiji, na malipo yanaingia katika mfuko wa kijiji.

Katika wilaya yetu, vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza kufaidi njia hiyo. Vilisaidiwa na shirika lililoko Kilwa Masoko linaloshughulika na hifadhi ya mpingo. Kazi haikuwa ya siku moja. Ilibidi wakubaliane na majirani juu ya mipaka. Ilibidi wachague kamati ya maliasili. Ilibidi wahesabu miti, waandike mpango wa kuvuna, watunge sheria ndogo, kisha mkutano mkuu ukubali na wilaya ikubali. Ilibidi pia watu watembee doria msituni, na huko kuna nyoka na tembo.

Mwaka 2009 misitu ya vijiji hivyo ilipata cheti cha FSC. Cheti hicho kinatambuliwa duniani. Kinamwambia mnunuzi kwamba mti huu umevunwa bila kuumaliza msitu. Hilo ni jambo kubwa kwa mpingo, kwa sababu mpingo hutengenezewa zumari za kizungu zinazouzwa ghali Ulaya na Marekani, nao hukua polepole mno. Mwaka huo huo Kikole iliuza magogo yake ya kwanza. Baadaye vijiji vingine vilifuata, kama Nanjirinji.

Fedha ya miti hiyo haikupitia Dodoma wala Dar es Salaam ili irudi. Wanakijiji wenyewe walikaa wakabishana: tujenge darasa, au tuchimbe kisima, au tuanze na nyumba ya mganga? Kubishana huko ndiko ugatuaji wenyewe.

Ndugu msomaji, tusidanganyane lakini. Si kila kijiji kina mpingo. Kijiji kisicho na msitu, wala ufuta, wala korosho, kitapata wapi? Tena mshahara wa mwalimu na wa muuguzi unatoka Serikali Kuu. Mkoa wa Lindi hauwezi kukusanya kodi kama Dar es Salaam. Kama kila mkoa ungeachiwa ule kilicho chake tu, sisi tungekuwa wa kwanza kulia. Kwa hiyo Serikali Kuu inayo kazi ya kugawa. Ubishi ni juu ya kiasi gani kibaki na nani apange.

Tuchukue ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Tufanye hesabu. Ufuta wenye thamani ya shilingi 1,000,000 umeuzwa. Zamani halmashauri ilipata shilingi 50,000. Kwa kiwango kipya inapata shilingi 30,000. Hiyo ni nafuu katika biashara ya mkulima. Lakini uamuzi wa kupunguza haukufanywa na madiwani wa Kilwa. Ulifanywa Dodoma, kwa nchi nzima.

Mwaka 2018 tuliona kubwa zaidi. Korosho zinazouzwa nje zikiwa ghafi hutozwa ushuru. Kwa sheria ya wakati ule, asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao la korosho, na asilimia 35 ilikwenda Hazina. Mwezi wa Juni 2018 Bunge lilibadili sheria hiyo, ushuru wote uingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Lindi na Mtwara walipinga kwa maneno makali. Hata hivyo badiliko lilipita. Kwa hiyo elewa kwamba fungu lililowekwa na sheria linaweza pia kuondolewa na sheria.

Nimesema mengi juu ya Serikali Kuu. Sasa niseme juu yetu. Fedha ikifika kijijini haijawa salama. Mwizi wa mbali hula, na wa karibu hula pia, tena wa karibu ni shemeji yako, unaona haya kumwuliza.

Nitakusimulia jambo la darasa langu moja la kisomo. Jina la kijiji nitalihifadhi. Kwa sheria, taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kusomwa katika mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na kubandikwa ubaoni. Kijiji hicho kiliibandika. Nikaona hiki ni kitabu kizuri cha kusomea, nikainakili kwenye ubao wa darasa. Ilikuwa hivi:

Mapato: 2,350,000
Madawati: 900,000
Choo cha shule: 600,000
Posho za vikao: 350,000
Usafiri: 250,000
Baki: 50,000

Chukua kalamu ujumlishe matumizi, kisha uyatoe katika mapato. Usiendelee kusoma kabla hujamaliza.

Katika darasa hilo alikuwamo bibi mmoja muuza samaki. Alikuwa amejifunza kusoma kwa miaka miwili. Hesabu za kichwani alizijua tangu utoto, maana muuza samaki asiyejua hesabu halali na faida. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hesabu hii inanikataa. Mimi napata baki 250,000."

Nilimwambia amepata sawa.

Siku ya mkutano mkuu alisimama. Mikono ilimtetemeka, na karatasi ikatetemeka nayo. Alisema, "Mwenyekiti, samahani. Nimejumlisha mara tatu. Laki mbili sizioni."

Mwenyekiti akasema, "Bibi, hesabu hizi zimekwisha pita katika halmashauri ya kijiji."

"Sawa, mwanangu. Lakini kwangu hazijapita."

Watu walicheka. Wengine walimwambia akae chini. Alikaa. Lakini kijana mmoja alisimama akaomba stakabadhi ziletwe. Halafu akasimama mama mwingine. Mkutano ukaamua mtendaji alete stakabadhi zote baada ya wiki mbili, na watu wawili wasiokuwa wajumbe wa halmashauri wazikague. Stakabadhi ya madawati ililetwa. Ya choo ililetwa. Ya usafiri ilionyesha shilingi 450,000, si 250,000, nayo haikuwa na tarehe wala jina la mwenye gari. Jambo hilo limepelekwa wilayani, na mkutano unaofuata utasomewa majibu. Yule bibi ameniambia atakaa mbele.

Maswali ya kuzungumza darasani

Mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji chako ulifanyika lini? Nani kati yenu alihudhuria?

Taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa wapi? Mmoja wenu aende akainakili, ailete darasani, mjumlishe pamoja.

Kwa nini Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 hayakumpa mwananchi uamuzi, ingawa maafisa walihamia karibu naye?

Kijiji chenu kikipata shilingi 3,000,000 leo, mtaanza na nini? Wanawake waseme kwanza.